KIMIA NI CHAKE, BEI SI YAKE

Tangu Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa wavuvi kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka 2024, kwa mapatano ya nchi nne zinazolizunguka, maneno mengi yamesemwa juu ya nyavu. Katika mabaraza na katika mikutano, na hata kivulini mwa malori yanayongoja zamu ya kuvuka mpaka hapa Tunduma, kila mtu amejifanya hakimu wa mvuvi. Ati wavu wake una macho madogo. Ati hana subira. Ati haijali kesho. Sisi hatukatai kwamba wavu mbaya huharibu maji. Lakini twaona kwamba katika kesi hii shahidi mmoja hajaitwa barazani, ingawa ndiye aliyeyaona mambo yote tangu mwanzo. Shahidi huyo ni barafu.

Ili tueleweke, twamwomba msomaji aiache baridi ya mpaka huu, ashuke zaidi ya kilometa 900 hadi pwani, aingie katika delta ya mto Rufiji, akamtazame mvuvi wa kamba. Twajua kwamba kwa mtu wa Tunduma, Vwawa au Mlowo, kamba ni ile ya kufungia mzigo au ya kumfungia mbuzi. Kamba tumsemaye hapa ni kiumbe wa maji ya chumvi, mwenye gamba jembamba, miguu mingi na masharubu marefu, ambaye sahani yake moja katika hoteli kubwa za mjini huweza kumeza ujira wa kibarua wa siku nzima. Ndugu yake mdogo ni uduvi, ambaye baadhi ya watu wa bara wamemwona akiwa mkavu. Hatukuichagua Rufiji kwa kupenda safari. Tumeichagua kwa sababu jambo lililofunikwa huku kwetu, huko liko wazi.

Chombo cha mvuvi huyo ni kimia. Kimia ni wavu wa duara ambao ukingoni kote umefungwa vipande vya risasi ili uzame upesi, na katikati yake hutoka ugwe mrefu ambao mvuvi huufunga katika kifundo cha mkono. Mtupaji husimama katika omo, yaani mbele ya mtumbwi, au katika maji yafikayo kiunoni. Huugawa wavu, sehemu begani na sehemu mikononi, na wengine huushika ukingo kwa meno. Kisha hujizungusha mara moja na kuurusha. Ukirushwa vyema hufunguka hewani kama mwavuli, hulala juu ya maji kama sinia, risasi zikazama pande zote kwa pamoja, na kila kilichokuwa chini yake kimefungiwa. Ukirushwa vibaya huanguka kama tambara, kamba wakatawanyika, na mtupaji akachekwa na wenziwe. Tulipokuwa watoto wa shule, ukutani mwa darasa letu palikuwa na picha ya mvuvi akiutupa wavu wake, nasi tulidhani kwamba hiyo ni kazi ya mtu anayepumzika. Mtu aliyekwisha kuirudia mara mia usiku mmoja, na wavu uliolowa maji ukivuta bega lake kila mara, hawezi kudhani hivyo.

Sifa kubwa ya kimia ni kwamba ni mali ya mtu mmoja. Hakitaki injini, hakitaki mafuta, hakitaki kundi la mabaharia wanaongoja kugawiwa. Kikitatuka, mwenyewe hukaa kivulini akakishona. Kati ya wafanyakazi wa nchi hii ni wachache wanaoweza kusema, kama asemavyo mvuvi huyu, kwamba chombo cha kazi ni chao kabisa. Mwashi ana mwiko wake, lakini saruji ni ya mwingine. Dereva ana ujuzi wake, lakini lori ni la tajiri. Huyu ana wavu, ana mkono, na maji hayana mlango. Kwa hesabu ya vitabu yampasa awe mtu huru kuliko sisi sote, wala sivyo.

Ili kuona sababu, lazima kwanza kumjua kamba mwenyewe. Kamba hutaga mayai baharini, jike mmoja akitaga maelfu kwa maelfu. Vitoto, vidogo kiasi cha kutoonekana, huchukuliwa na maji ya kujaa mpaka katika vijito vya mikoko, mahali ambapo maji matamu ya mto huchanganyika na maji ya chumvi. Huko hupata chakula na maficho katika mizizi, hukua kwa miezi michache, kisha hurudi baharini kutaga. Maisha yao ni mafupi, kama mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo. Kwa hiyo delta ya Rufiji, yenye mikoko ya zaidi ya hekta 50,000, ndiyo shule ya watoto ya kamba kwa sehemu kubwa ya pwani yetu. Mvua za masika zinaposhusha maji mengi, kamba hupatikana kwa wingi. Tena mvuvi hachagui saa kwa kutazama ukuta: hutazama mwezi, bamvua na maji mafu, kujaa na kupwa. Kamba wengi hutembea usiku na hujificha mchana. Basi mara nyingi kazi humalizika saa ambazo hakuna soko lililo wazi, mahali pasipofika gari, katika joto ambalo haliondoki hata alfajiri.

Na hapo ndipo saa mbaya inapoanza kuhesabiwa. Kamba akifa, tumbo lake, ambalo limo kichwani, huanza mara moja kuozesha nyama ya mkia. Gamba hupata madoa meusi. Pasipo barafu, katika joto la pwani, kamba aliyevuliwa saa tisa usiku ana shaka kabla ya jua kupanda vyema, na kufika adhuhuri ni wa kutupwa. Wataalamu wa samaki hutufundisha kwamba katika nchi za joto kilo moja ya samaki yataka karibu kilo moja ya barafu. Maana yake, mvuvi aliyepata kilo kumi za kamba anahitaji kilo kumi za barafu zikiwa tayari pale pale, usiku ule ule, kando ya kijito. Nani anayo? Anayo mnunuzi, ambaye ameileta katika sanduku, kwa mashua yenye injini, kutoka mjini.

Wavuvi wa pwani humwita mnunuzi huyo tajiri, na neno hilo si la dhihaka. Tajiri huleta barafu. Tajiri huleta mizani. Tajiri humkopesha mvuvi nyuzi, risasi, na wakati mwingine fedha za dawa ya mtoto, kwa sharti kwamba atakachopata asimwuzie mwingine. Asubuhi tajiri husema bei, na mvuvi hujibu ndiyo. Aseme nini? Mkulima wa mahindi wa Mbozi akichukizwa na bei ya mlanguzi anaweza kufunga mlango wa ghala na kusema rudi mwezi ujao. Mvuvi wa kamba hawezi kusema hata rudi saa sita. Mapatano ya bei ambayo upande mmoja una saa tatu tu za kuishi si mapatano.

Tusimfanye tajiri kuwa shetani, maana hilo ni jambo jepesi na halifundishi kitu. Naye barafu yake inayeyuka. Naye mashua yake hunywa mafuta hata siku ambayo kamba hawapo, na mjini yuko tajiri mwingine mkubwa zaidi anayempangia bei yake. Wako matajiri waungwana waliosamehe madeni, na wako wanyang'anyi. Lakini uungwana wa mtu mmoja si utaratibu, wala mvuvi hawezi kupanga maisha ya watoto wake juu ya tabia njema ya mnunuzi.

Sasa turudi kwenye wavu, ambao wote wanapenda kuushitaki. Mtu akipewa bei ndogo kwa kilo, atafanya nini ili apate mahitaji yale yale ya nyumbani? Atavua kilo nyingi zaidi. Na kilo zikipungua majini, atasogea ndani zaidi ya vijito, mahali walipo watoto, na atatafuta kimia chenye macho madogo zaidi. Wenye shida zaidi huchukua hata chandarua cha mbu. Tunasema wazi kwamba ni kosa, tena ni kosa kubwa, kwa sababu kamba mdogo aliyevuliwa leo kwa uzito wa karatasi angekuwa na thamani mara nyingi baada ya wiki chache, na angekuwa ametaga. Kimia si chombo kitakatifu. Lakini bei ndogo ndiyo inayozaa jicho dogo la wavu, na ofisa anayechoma nyavu bila kuuliza habari za bei anafagia maji na bomba limeachwa wazi.

Wako watakaosema kwamba dawa ni vyombo vikubwa. Hayo yamejaribiwa. Kwa miaka mingi meli za kukokota nyavu zilivua kamba mbele ya Bagamoyo, Rufiji na Kilwa. Wavuvi wadogo walilalamika kwamba meli hizo zilikata nyavu zao na kutupa baharini samaki wengi waliokufa bure, kwa kuwa zilimtaka kamba peke yake. Pato la meli likashuka mwaka hata mwaka, na kufikia mwaka 2008 zilikuwa zimesimamishwa ili kamba wapate kuzaana. Watu hutazama ukubwa wa wavu wa meli na kusema hiyo ndiyo tofauti yake na mtumbwi. Twaomba watazame pia ndani ya tumbo la meli. Mlikuwa na chumba cha baridi. Kamba waligandishwa pale pale baharini, na mwenye meli aliweza kukaa nao mpaka apate bei aliyoitaka, huku mvuvi wa kimia, aliyevua kamba wa jamii ile ile katika maji yale yale, akiuza kwa haraka ya kuoza.

Ikaja pia habari ya shamba. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ilitaka hekta kama 10,000 katika delta ili ifuge kamba kwa kuwauza ng'ambo. Serikali iliukubali mpango huo mwaka 1997, ingawa Baraza la Taifa la Hifadhi ya Mazingira lilikuwa limeshauri vingine. Wanavijiji wengi waliukataa, shauri likafika Mahakama Kuu, na shamba lenyewe halikujengwa. Hatutaki kulifufua shauri hilo. Twalikumbusha kwa sababu moja tu: wageni waliona kwamba katika matope yale mna utajiri, na walikuja na mpango kamili wa kuuhifadhi, kuupakia na kuusafirisha. Wenyeji walishinda na kubaki na vijito vyao, lakini hakuna aliyewaletea mpango mwingine wa kuhifadhi na kupakia.

Msomaji wa Tunduma amevumilia vya kutosha, naye ana haki ya kuuliza: sisi na bahari wapi na wapi? Twamjibu kwamba atembee sokoni kwetu. Hapa hupita dagaa wakavu wa maziwa yetu, kwenda Zambia na Kongo, magunia kwa magunia. Amtazame mama mmoja aliyekaa juu ya magunia yake. Mnunuzi kutoka Nakonde anataja bei; mama anatikisa kichwa, anafunga gunia, anaendelea kusuka nywele za binti yake. Kesho mnunuzi atarudi. Mama huyo hana chumba cha baridi, hana meli, na pengine gunia lenyewe amelichukua kwa mali kauli. Kilichompa kiburi hicho kizuri ni jua. Dagaa aliyekauka vyema anaweza kungoja wiki nyingi, na mwenye kuweza kungoja anaweza kukataa.

Wala elimu hii si ya jana katika mkoa wetu. Kule Ivuna, katika wilaya ya Momba, kusini mwa Ziwa Rukwa, wachunguzi wa mambo ya kale waliofukua ardhi katika miaka ya 1960 walikuta mabaki ya kazi ya kupika chumvi iliyoanza yapata karne ya 13. Chumvi ile ilikuwa bidhaa ya watu wa bonde hilo karne nyingi kabla ya mpaka huu kuchorwa. Jua, moshi na chumvi ndizo barafu za wazee wetu.

Lakini hazitoshi. Watu wa pwani nao hukausha uduvi, na hufanya samaki kuwa ng'onda. Kamba mkubwa, hata hivyo, hupata bei yake ya juu akiwa mbichi, na akianikwa hupoteza sehemu kubwa ya bei hiyo. Ndivyo ilivyo kwa samaki wa Ziwa Rukwa. Perege wa Rukwa akifika Tunduma au Mbeya akiwa mbichi ni kitu kimoja. Akifika amebanikwa ni kitu kingine, tena kuni zilizombanika zimetoka katika msitu ule ule unaolinda kingo za mito ya ziwa. Nalo ziwa lenyewe si la kuchezewa. Halina mto wa kutokea, kina chake ni kifupi, na katika miaka ya ukame limewahi kupungua vibaya sana. Mvuvi wake, kama yule wa Rufiji, ana wavu wake mwenyewe. Kama yule wa Rufiji, humngoja mtu mwenye sanduku la barafu, na husikia bei badala ya kuitaja. Mambo tuliyoyaona wazi katika kijito cha mikoko yako Momba pia, ila sisi tumeyazoea.

Nini basi kifanyike? Neno ushirika litasemwa na kila mmoja, nasi twalisema, lakini kwa tahadhari. Wakulima wa pamba wa Usukuma, katika miaka ya mwanzo ya 1950, hawakuanza na hotuba. Walianza na mizani. Waliona kwamba wanapunjwa wakati wa kupima, wakaweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakikisha uzito, na kutoka hapo vikakua vyama vilivyoungana mwaka 1955. Walishika mahali pale pale walipoibiwa. Lakini pamba huweza kungoja. Kwa hiyo mizani ilitosha kuwa mwanzo. Kwa mvuvi mizani pekee haitoshi, kwani hata ukipima kwa haki kitu kinachooza, mwenye barafu ndiye atakayetaja bei ya uzito huo wa haki. Chama cha wavuvi kisicho na barafu ni kikundi cha kuzikana.

Tena tusijidanganye juu ya historia. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa mwaka 1982, na vingine vilivyorudi vilirudi na madeni na viongozi waliojua kula kuliko kuhesabu. Mashine ya barafu katika mikono ya namna hiyo itasimama katika mwaka wake wa kwanza, na barafu ya mwisho itapoza vinywaji vya mwenyekiti. Tumeona mali ya watu wengi ikifa hivyo, katika mahali tusipopataja. Kwa hiyo swali la nani atakaa na ufunguo ni kubwa sawa na swali la nani atalipa umeme. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inatoa njia ya kukagua hesabu. Wanachama wasiposoma hesabu hizo, sheria haiwasomei.

Wala barafu peke yake haitawalinda kamba wala perege. Mvuvi aliyepata baridi na bei nzuri anaweza pia kupata tamaa, akavua zaidi ya zamani. Ndiyo maana twataka mambo mawili yaende kwa ahadi moja: kijiji kinachopewa barafu kikubali wavu wenye macho ya halali na miezi ya kupumzisha maji, na vikundi vya wavuvi vya kulinda mialo, ambavyo sheria inavitambua, visimamie ahadi hiyo. Kumwambia mtu apumzike miezi mitatu huku akiuza kwa bei ya kuoza miezi tisa ni kumtaka afunge mara mbili.

Wanachama na wafanyakazi wa mkoa huu wanaweza kuanza na maswali madogo katika vikao vyao. Kutoka mialo ya Rukwa hadi soko la Tunduma ni saa ngapi kwa gari, na wakati wa masika ni saa ngapi? Katika mialo hiyo ni mingapi inayofikiwa na umeme wa kutosha kuendesha mashine ya barafu? Nani anauza barafu huko leo, kwa bei gani, na anamkopesha nani? Tangu mwaka 2019, kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa, mizigo huvuka kwa utaratibu mwingine. Je, samaki mbichi naye amepata nafasi yake humo, au bado anapangwa nyuma ya saruji na shaba? Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na maombi ya halmashauri huandikwa miezi mingi kabla ya siku hiyo. Majibu yaandikwe sasa, yapelekwe Momba, Songwe na Vwawa, na wavuvi wenyewe wawepo yatakaposomwa.